Huduma Isiyojibu

Kufikia ghorofa ya tatu, Inspekta alikuwa amevaa kadi tatu za wageni shingoni, na hasira zake zilikuwa zimepanda ngazi pamoja naye. Kampuni hii ya kusambaza dawa ilikuwa na ugonjwa wake: kila mlango ulitaka kadi yake. Kadi ya mapokezi haikufungua chumba cha Akiba, ya Akiba haikufungua chumba cha Oda, na ya Oda, ukiigusisha popote pengine, ililia pii pii mpaka watu wakageuka kukutazama kama mwizi wa kuku.

"Afande," Sajini alisema nyuma yake, akihema, "hawa watu wana kadi ya kwenda chooni pia?"

"Wanayo. Iko mapokezi."

Sajini alitukana kwa sauti ya chini. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu na aliapa kila siku kwamba hataumalizia kwenye ngazi.

Kituoni, Inspekta walimpa jina la Mama Kwa Nini, na hawakumpa kwa mapenzi. Leo alikuwa na swali moja tu, na tangu asubuhi watu wazima wenye shahada zao walikuwa wakilipiga chenga. Mapokezi walisema waulizwe Akiba. Akiba walisema hilo ni la Oda. Oda wakasema kabla hawajasema lolote lazima amwone msanifu wa mifumo ya kompyuta, kwa sababu yeye ndiye anayeielewa picha nzima. Swali lenyewe lilikuwa hili: nani aliruhusu zile katoni zitoke ghalani?

Habari yake ilikuwa fupi. Dawa ya maji ya homa ya watoto, bechi moja iliyotengenezwa pamoja, ilionekana imebadilika rangi. Mfamasia wa kampuni akaizuia Jumatatu. Alhamisi mchana, mbele ya macho ya watu, katoni za bechi hiyohiyo zikapakiwa kwenye lori, zikafika zahanati, watoto wakanyweshwa. Wengi walitapika, wakapona. Binti mmoja mdogo alikuwa bado amelazwa, ingawa daktari alisema ametoka kwenye hatari. Katoni zilizobaki zilikuwa zimekusanywa zote.

Aliyefungua mlango wa ghala alikuwa mtunza ghala, mwanamke wa makamo, mjane, na tangu akamatwe alikuwa hajafungua mdomo. Hakukana, hakukiri, hakuomba hata maji ya kunywa. Mkuu wa kituo alikipenda sana kimya hicho.

"Mtu asiye na kosa hupiga kelele," alisema asubuhi akikoroga chai. "Huyu amenyamaza. Ningehitaji jibu gani zaidi? Aliwapigia wanunuzi simu, akawauzia mzigo uliozuiwa. Mchana huu anapanda kizimbani."

"Kwa nini aiuzie zahanati ambayo ni mteja wa kampuni siku zote?"

"Inspekta, nenda kaulize hizo kwa nini zako. Lakini gari la mahakama halitakusubiri."

* * *

Msanifu wa mifumo alivaa raba nyeupe zisizo na doa na alikuwa na ubao mkubwa kuliko dirisha. Alifurahi kuulizwa. Hilo peke yake lilimchosha Inspekta.

"Zamani tulikuwa na mfumo mmoja," alianza, akichora boksi kubwa. "Tulimwita Mzee. Mzee alifanya kila kitu: oda, akiba, ubora, ankara, mishahara. Ukimgusa bega, goti linauma. Kubadilisha bei ya plasta ilikuwa vikao, kamati, miezi. Wenzetu sokoni wanakimbia, sisi tunamsubiri Mzee ainuke kitini."

"Na sasa?"

Alifuta boksi kubwa kwa kiganja, akachora madogo mengi na mishale kati yao. "Sasa tumemvunja vipande. Kila kazi ni huduma inayojitegemea, na timu yake, na mlango wake. Oda ikitaka kujua jambo kuhusu ubora wa dawa, inabisha hodi kwa Ubora, inauliza, inajibiwa, inaendelea. Haina haja ya kujua ndani kwa mwenzake kunapikwa nini. Matokeo yake ni wepesi, Inspekta. Mteja mpya tunamwunganisha siku hiyohiyo. Kila timu inaboresha vyake wakati wowote bila kuomba ruhusa kwa mtu."

"Kwa nini bila ruhusa?"

"Kwa sababu ruhusa ndiyo iliyotuua zamani."

Sajini alikuwa ameketi, akiuangalia ubao kwa macho ya mtu anayesomewa risala ya harusi ya asiowajua.

Inspekta alichukua kalamu mkononi mwa msanifu. "Nionyeshe boksi linalozuia dawa mbaya."

"Ubora, hili."

"Na linalotoa mzigo?"

"Oda. Oda ikipitisha, ghala linaona kijani kwenye skrini yake, linapakia. Lakini kabla ya kupitisha, lazima Oda imuulize Ubora: bechi hii imezuiwa?"

"Ubora akisema ndiyo?"

"Oda inasimama. Mzigo hautoki."

"Bechi ilikuwa imezuiwa."

"Ilikuwa."

"Na mzigo ukatoka."

"Ukatoka."

"Kwa nini?"

Msanifu aliichukua tena kalamu yake, akairudisha kwenye kishikizo, akainyoosha ilingane na wenzake. "Hilo sasa ni swali la timu ya Oda. Mimi nasanifu mishale. Siingii ndani ya maboksi."

Inspekta alivuta pumzi ndefu, akaiachia kidogo kidogo. Hii ilikuwa nyumba nzima ya watu wanaojua kila kitu kuhusu chumba chao na hawajui kama jirani yao anaungua.

* * *

Mkuu wa timu ya Oda, ambaye kila mtu alimwita Dada wa Oda, alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Alisimama walipoingia, akabaki amesimama. Chini ya meza yake palikuwa na mfuko mdogo wa kuhifadhia ubaridi, zipu nusu wazi, na ndani yake shingo ya chupa ya mtoto.

"Huduma yetu iliuliza," alisema kabla hajaulizwa.

"Ikajibiwa nini?"

"Haikukataliwa."

"Sikuuliza kama ilikataliwa. Nimeuliza ilijibiwa nini."

"Haikupata katazo lolote, Afande. Tafadhali muulize Ubora."

"Dada, leo nimeambiwa nimuulize mwingine mara nyingi kuliko nilivyoambiwa karibu. Huduma yako ilipokea neno ndiyo, au neno hapana?"

Dada wa Oda aliitazama skrini yake, ambayo ilikuwa imezimwa. "Ubora ndio wanaojua walichojibu."

Inspekta hakumkalia kooni zaidi. Alikuwa amejifunza kwamba mtu anayechagua maneno kwa uangalifu hivyo ana analolichunga, na ukimsukuma mapema analifukia zaidi. Alimpa ishara Sajini, wakageuka. Walikuwa mlangoni sauti ilipowafuata, sauti nyingine kabisa, ndogo.

"Yule mama wa ghala. Anapewa vidonge vyake vya presha?"

Inspekta aligeuka. "Tutahakikisha."

Nje, kwenye korido, alipiga simu kituoni aagize daktari. Kisha alimwuliza Sajini, "Ulijua mshukiwa ana presha?"

"Nitajulia wapi? Hajasema neno. Na nyumbani kwake hatukukuta vidonge. Tulikuta nepi."

"Nepi?"

"Kamba nzima imeanikwa. Na kitoto kinapokezanwa na majirani. Nikadhani ni mjukuu. Mtoto wake wa kiume ni dereva wa malori ya masafa marefu, hayupo. Mke wake, walisema, anafanya kazi ofisini."

"Ofisini wapi?"

"Afande, ofisi ni ofisi."

Inspekta alimtazama Sajini mpaka Sajini akaanza kukagua viatu vyake.

* * *

Mfamasia, mkuu wa Ubora, alikuwa mtu mzima mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kama shati la harusi. Hakusubiri salamu zimalizike. Aligeuza skrini yake wao waione: mstari mwekundu, na neno IMEZUIWA.

"Zuio langu lipo tangu Jumatatu. Halijaondolewa hata dakika moja. Kazi yangu nimefanya. Hakuna aliyekuja kuuliza."

"Oda wanasema waliuliza."

"Waongo. Mlango wangu unaonyesha kila anayebisha." Aliteremsha orodha ya saa kwa kidole. Inspekta aliinama.

"Hapa mchana wa Alhamisi pametokea nini? Pako tupu."

"Hapo tulikuwa tumezima. Tulikuwa tunaboresha huduma. Huwa tunaboresha wakati wa chakula, oda zikiwa chache."

"Mlizima mlango unaozuia sumu, mkaenda kula?"

"Si sumu, Inspekta, ni dawa iliyobadilika. Na tulizima kwa muda mfupi tu."

"Mlimwambia nani?"

Mfamasia alionekana kutukanwa kweli. "Kwa nini nimwambie mtu? Tunajitegemea. Ndiyo maana ya kumvunja Mzee. Zamani tukitaka kugusa kitu tunaitisha kampuni nzima. Sasa tunafanya, tunamaliza, tunarudi kazini."

"Na simu ya mezani? Mtu akipiga wakati huo?"

"Kama tumekwenda kula, tumekwenda kula."

Walipotoka, Sajini alimshika Inspekta kiwiko. "Huyuhuyu. Amezima makusudi mzigo upite. Tumfunge pingu tukapumzike."

"Angetaka upite, asingeuzuia Jumatatu."

"Labda alibadili mawazo."

"Kwa faida ya nani? Na Oda waliobisha hodi mlango umefungwa, kwa nini waliondoka na mzigo badala ya kurudi nyumbani?"

Sajini alitoa pipi mfukoni akaila peke yake.

* * *

Ghala lilikuwa nyuma ya jengo, baridi na lenye mwangwi. Kiongozi wa wapakiaji, mtu wa mikono mipana, aliwaonyesha mahali katoni zilipokuwa. Vipande vya utepe mwekundu vilikuwa bado vimeng'ang'ania sakafuni.

"Mama aliufunga mwenyewe huo utepe Jumatatu," alisema. "Alhamisi skrini ikaleta kijani: pakia. Mama akasema hapana, hizi zimefungwa. Akaenda pale."

Pale palikuwa na simu ya ukutani, nyeusi, ya kizamani. Ndiyo simu ambayo Mkuu wa kituo alijenga kesi nzima juu yake: mtunza ghala alionekana akiongea na simu, kisha akaamuru mzigo upakiwe. Inspekta aliinua kipokezi, akabofya namba ya simu yake mwenyewe. Hakuna kilicholia mfukoni. Alibofya tena. Kimya. Kisha akabofya namba fupi iliyobandikwa ukutani, na sauti ya mapokezi ikaitika hapohapo, changamfu, ikitaka kujua ni mgeni wa idara gani.

"Haitoki nje," alisema, akakata. "Wanunuzi wake wamo humu ndani, Sajini. Au hawapo." Alimgeukia mpakiaji. "Alipiga mara moja?"

"Mbili. Ya kwanza alisubiri weee, hakuna mtu, akakata. Ya pili akapokewa."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama ule mzigo haujazuiwa. Akasikiliza. Mwisho akasema, 'Haya, nimekuamini.' Akarudi, akakata utepe, akasema pakieni."

"Polisi waliokuja kwanza uliwaambia hivyo?"

"Waliniuliza kama niliona ameshika simu. Nikasema ndiyo. Wakafunga daftari."

Inspekta alifumba macho kidogo. Alikuwa akiwakasirikia watu wa jengo hili tangu asubuhi, na sasa ilimbidi atafute mahali pa kuwaweka watu wake mwenyewe.

* * *

Aliwakusanya wote watatu kwenye chumba cha Oda: msanifu, mfamasia, na Dada wa Oda. Msanifu alisema ana kikao. Inspekta akamwambia kikao chenyewe ndicho hiki.

"Dada, agiza katoni moja ya bechi iliyozuiwa, kama vile mteja ameomba."

Vidole vyake vilitembea polepole. Skrini ikawaka nyekundu: IMEZUIWA.

"Mnaona?" mfamasia alisema. "Inafanya kazi."

"Sasa wewe, piga simu chumbani kwako wazime Ubora. Kama mlivyofanya Alhamisi."

Mfamasia alilalamika, alipumua kwa pua, kisha akapiga. Walisubiri ajibiwe kwamba imezimwa.

"Agiza tena," Inspekta alisema.

Dada wa Oda hakuinua mikono. Ilibidi Inspekta arudie. Alibofya, na kijiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kilizunguka. Sajini alisogea karibu. Kilizunguka kidogo tena, kisha kikapotea, na chumba kizima kikaona kijani.

IMEPITA.

"Futa hiyo oda," Inspekta alisema haraka, "na wewe, bwana mfamasia, washa huduma yako." Aliwageukia. "Sasa nani ataniambia kwa nini, na asinitume chumba kingine?"

"Haiwezekani," msanifu alisema.

"Inawezekana, nimeiona. Imeuliza, haikujibiwa, ikapitisha. Kwa nini?"

Dada wa Oda alijibu akiitazama meza. "Ikikawia kujibiwa, tunahesabu kwamba hakuna zuio."

"Mnahesabu?"

"Tulipohama kutoka kwa Mzee, Ubora ilikuwa inachelewa sana kujibu. Oda zikakwama. Mkurugenzi akashuka mwenyewe hapa, anafoka, akasema hataki kuona mzigo umekwama kwa sababu ya kompyuta. Hatukuhama ili tuwe wazito kuliko zamani. Mimi nikasema tusimamishe mpaka ijibu. Msanifu akasema weka ipite."

"Kwa muda!" msanifu alisema. "Nilisema kwa muda!"

"Muda gani?"

Raba nyeupe zilisogea nyuma hatua moja. "Mpaka Ubora itulie."

"Ikatulia lini?"

"Zamani," mfamasia alidakia. "Mwaka jana. Na mimi hakuna aliyeniambia kwamba nikinyamaza nimekubali! Ningeweka mtu pale akeshe!"

"Haikuwa ndani ya boksi lako," Inspekta alisema, "na haikuwa mshale wako, bwana msanifu, kwa hiyo hakuna aliyechungulia. Tokeni. Sajini, waketishe mahali, na kamwambie Mkurugenzi asiondoke. Dada, wewe baki."

* * *

Mlango ulipofungwa, Inspekta alivuta kiti akaketi. Miguu ilikuwa inamuuma.

"Hilo la mashine nimelielewa. Lakini Mkuu wangu ataniambia hivi: mashine ilidanganyika, sawa, ila mtunza ghala ni binadamu. Aliuona utepe mwekundu, aliufunga mwenyewe, na akaukata. Kwa hiyo bado ni yeye. Isipokuwa aliuliza. Alipiga Ubora, hakukuwa na mtu. Kisha akapiga pengine, akajibiwa. Alikupigia wewe."

Dada wa Oda alikuwa amesimama vilevile.

"Watu wote wa jengo hili wamenieleza kwamba kosa si lao. Wewe peke yako umeniuliza vidonge vyake. Kwake kuna kamba ya nepi, na mama wa mtoto anafanya kazi ofisini. Chini ya meza yako kuna maziwa. Ni nani kwako?"

Dada wa Oda aliusukuma mfuko kwa mguu, ndani zaidi chini ya meza. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba gari la mahakama lingekuwa njiani. Inspekta alihisi subira yake ikikatika, na akaiacha ikatike.

"Sikiliza, maana nimechoka. Mlikubali mashine yenu ihesabu kimya kuwa jibu. Mmeona ilichofanya. Sasa kituoni kwangu kuna mtu mzima anayefanya vilevile. Mama yule amenyamaza, na yeye amejihesabia kwamba amekiri. Na wewe umesimama hapa unatazama kijiduara kinazunguka."

"Ni mama mkwe wangu," Dada wa Oda alisema.

Aliketi sasa, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Kampuni haitaki ndugu wawili kwenye njia moja ya mzigo, alieleza, kwa hiyo kazini walikuwa wakisalimiana kama majirani wa mbali. Alhamisi mama mkwe alipopiga simu, yeye alikuwa na oda nyingi mbele yake na maziwa yalikuwa yanamwuma kifuani, anataka kwenda kuyakamua.

"Aliniambia, 'Mkwe, huu si umezuiwa?' Nikaona kijani. Nikamwambia mfumo umeshaangalia, mama, pakia. Ningeingia ndani kidogo tu ningeona Ubora haijajibu. Sikuingia."

"Na walipomkamata?"

"Alipita hapo uani katikati ya askari wawili. Akatazama dirishani huku juu. Akatikisa kichwa, hivi, nisiseme." Alionyesha. "Usiku nikamwaza mtoto. Bado ananyonya. Yeye alimfikiria mtoto kabla yangu, Afande. Nikisema, nani atamlea?"

"Sijui," Inspekta alisema. "Sitakudanganya kwamba utarudi nyumbani leo. Sidhani kuna hakimu atakayekuona wewe peke yako baada ya kumsikia mkurugenzi na yule wa raba nyeupe. Lakini sijui. Ninachojua ni nani anapanda gari mchana huu."

Dada wa Oda aliinama, akafunga zipu ya mfuko wa baridi, akautia begani.

* * *

Gari la mahakama lilikuwa limeshawasha injini uani mwa kituo. Mtunza ghala aliketi kwenye benchi la korido, mikono mapajani, na askari pembeni yake. Alipomwona anayeingia na Inspekta, alisimama kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo.

"Ni mimi!" alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Niliuza mimi. Peke yangu. Andikeni, nitaweka dole gumba."

Mkuu wa kituo alitoka ofisini kwake uso ukimeremeta. "Si nilisema? Si nilisema, Inspekta?"

Inspekta angeweza kulia kwa uchovu. Siku nzima ametafuta mtu mmoja wa kumpa jibu, na sasa anapewa jibu kwa mkupuo, na lote la uongo.

"Mama, nyamaza," Dada wa Oda alisema.

"Huyu simjui. Mwondoeni."

"Mama, nakuomba unyamaze." Alimgeukia Mkuu wa kituo, na maneno yakatoka moja baada ya jingine, wazi, bila kuchaguliwa. "Alinipigia simu kuniuliza kama mzigo umezuiwa. Mimi ndiye niliyemwambia apakie. Na ile kanuni ya kupitisha mzigo bila kujibiwa niliiweka mimi kwa mkono wangu, nikiambiwa na wakubwa wangu, nikijua si sawa. Nitataja nani alisema nini na wapi alisimama."

Mkuu wa kituo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa hii ni nini?"

"Ni jibu," Inspekta alisema. "Zima gari, Mkuu. Simu ya ghala haitoki nje ya jengo, nimeijaribu mwenyewe. Mpakiaji alisikia maneno na hakuna aliyemwuliza. Sajini anakuja na msanifu na Mkurugenzi, na kwa jinsi ninavyomfahamu, anawaleta kwa ngazi. Mama huyu anakwenda nyumbani."

Mama hakusogea. Alimtazama mkamwana wake kwa hasira ya kweli, ile ya mtu aliyepika siku nzima akamwagiwa chungu.

"Kwa nini umesema?" aliuliza.

Inspekta, ambaye swali hilo lilikuwa mali yake, alimwachia mama alitumie.

"Siku ile uliniuliza, nikakujibu bila kutazama," Dada wa Oda alisema. "Leo nimetazama."

Alivua mfuko begani, akaunyoosha mbele. Ulibaki hewani kitambo. Kisha mama mkwe akaupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, na uso wake ukaanza kukunjamana kwa kilio, taratibu, mbele ya askari wote.

"Yapashe moto kidogo tu, mama," mkamwana alimwambia. "Yasichemke."